Udi wa Kumpokea Fundi

Bi Mwanamize anakaa Northfield, nyumba ya pili kutoka kona, mlango wa kijani. Mimi nakaa Newtown, kwenye ghorofa la halmashauri, na kutoka kwangu mpaka kwake ni mabasi mawili na mwendo kidogo wa miguu. Watu wakiniuliza nafuata nini huko, nawaambia nanyoosha miguu. Si uongo. Miguu yangu haijatulia tangu nilipokuwa utingo wa lori kati ya Garissa na Mombasa, na imenifikisha Uholanzi, na kutoka Uholanzi imenileta hapa Birmingham. Lakini miguu hunyooka popote. Yangu inanyookea Northfield kwa sababu ya harufu.

Mke wangu Rahmo, Mungu amrehemu, alikuwa na chetezo chake cha udongo, kile chetu Wasomali, na jioni haikuwa jioni mpaka ametia unsi, ubani wetu wa kufukizia nyumba, kwenye makaa. Tulipohamia Newtown alikiwasha siku ya kwanza, king'ora cha moshi cha darini kikalia, jengo zima likashuka ngazi na ndara. Akaja mtu wa halmashauri, akasema kwa upole kwamba hapa mambo hayo hayawezekani. Rahmo akakiweka chetezo kabatini nyuma ya masufuria. Kipo hapo mpaka leo, na yeye hayupo.

Basi nyumba iliyobaki mjini ambayo mimi naweza kuingia na kunusa kitu ninachokijua ni ya Bi Mwanamize.

Mumewe, Makungu, ndiye aliyenipeleka kwanza. Nilikuwa ndani ya basi, nikamsikia mtu nyuma yangu akigomba kwenye simu kwa Kiswahili, akimlalamikia mtu aliyemletea mbaazi badala ya choroko. Nikageuka, nikamwambia choroko nimeziona Sparkhill juzi. Akakata simu ya watu, akahamia kiti changu. Tulipofika kwake akafungua mlango, akaita:

"Mwanamize, nimeokota Msomali kwenye basi."

Sauti ikajibu kutoka jikoni, "Mrudishe ulikomtoa, hatuna chumba."

Kisha akatoka, na kabla ya chai, kabla ya kuniuliza jina, akaniletea chetezo, akakizungusha mbele ya koti langu mara mbili tatu, moshi ukaniingia mikononi. Nilisimama pale mlangoni nimeinamisha uso kwenye mikono ile. Makungu akadhani nimeudhika. Akamwambia mkewe, "Umemtisha mgeni." Sikuwa nimetishika.

Bi Mwanamize ni mtu wa Wete, Pemba, na mpaka leo akisema "nyumbani" maana yake ni huko karafuu zinakoanikwa barabarani. Alikuja hapa bado msichana, kwa mume aliyekuwa amemwona mara mbili tu, na sanduku lake lilikuwa na kanga, picha ya mamake, na chetezo cha shaba alichokifunga ndani ya kanga ili kisigongwe. Pale uwanja wa ndege askari alifungua sanduku, akanusa, akaita mwenzake naye anuse. "Wakanusa wote," huwa anasema, "wakafunga, wakanambia pita. Nikajua hii nchi watu wake wana pua, tutaishi."

Nyumba ya Northfield wakati ule ilikuwa na moto chumba kimoja tu, moto wa makaa ya mawe, na vyumba vingine vilikuwa, kwa maneno yake, bahari. Wanawake wengine waliokuja naye walilia mwaka mzima kwa ajili ya baridi. Yeye anasema mwaka ule ulikuwa mwaka mzuri. Kila jioni Makungu akirudi kutoka kiwanda cha magari cha Longbridge aliwasha moto, na yeye alichukua kaa moja jekundu kwa koleo, akaliweka kwenye chetezo, akatia udi aliopika mwenyewe kwa sukari na mafuta ya waridi. Wakakaa mbele ya moto, yeye akishona vifungo vya kanzu, mumewe akimfundisha Kiingereza cha magazeti. Baadaye makaa yakaondoka, ikaja hita ya mafuta ya taa iliyowaumiza kichwa, ikaja hita ya gesi. Mwaka kiwanda kilipofungwa, Makungu akasema sasa yeye ni mtu wa kukaa ndani, na mtu wa kukaa ndani anataka joto la nyumba nzima. Akaweka boila, mtambo wa gesi unaochemsha maji ya rediata za vyumba vyote.

Akaiweka ndani ya kabati kubwa la juu, pale penye joto la kukaushia nguo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kiwanda, anajua kila chuma kina siku yake, akaingia mkataba na kampuni ya matengenezo, ikiharibika waitengeneze wao. Alisema, "Gari ina gereji yake. Boila nayo iwe na watu wake." Kila mwaka watu wake walikuja, wakaitazama, wakanywa chai, wakaenda.

Kanzu za Makungu zilitundikwa ndani ya kabati hilo, kando ya boila. Kila Alhamisi, Bi Mwanamize alifungua mlango wa kabati na dirisha la ukumbini, akaweka chetezo sakafuni na juu yake tenga, akatandaza kanzu ya Ijumaa juu ya tenga ipate moshi. Dakika chache, basi, anakitoa. Makungu amekufa, na kanzu bado zinafukizwa kila Alhamisi. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Mwenyewe sijakitoa chetezo cha Rahmo nyuma ya masufuria, nitauliza nini?

Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye ile wiki ya barafu, boila ikazima.

Akapiga simu kwa kampuni. Wakamwambia fundi atakuja. Siku ya kuja fundi akafagia ngazi, akapangusa reli, akafungua kabati, akakuta linanuka unyevu. Nguo zilikuwa zimekaa na baridi, zimeanza kunuka kama magunia. Haya alinisimulia mwenyewe kesho yake, amevaa lile koti la kiwandani la mumewe juu ya sweta mbili, nami nimekaa na koti langu na kofia.

"Wewe Dahir, hebu nambie. Mgeni anakuja mpaka ndani ya kabati langu la nguo. Si sebuleni, kabatini. Nimpokee na harufu ya panya?"

"Ukafanya nini?"

"Nikatia udi. Ule mzuri, wa Idi. Nikaweka chetezo mle ndani, nikafunga mlango na dirisha ili harufu isikimbie. Nikasema akifungua, ajue kaja kwa watu."

Fundi akaja. Kijana anaitwa Rupesh, mstaarabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapanda juu, akafungua kabati, na kile kipimo cha hewa ya sumu alichokifunga kifuani kikapiga kelele ya kupasua masikio. Kijana hakusubiri. Akamshika Bi Mwanamize mkono, akamshusha ngazi, wakatoka nje mpaka kwenye majani yaliyoganda, yeye na soksi, Bi Mwanamize na ndara.

"Alinishika mkono utasema napelekwa harusini," akaniambia. "Na majirani wote madirishani."

Kijana akafunga gesi, akafungua madirisha, akarudi juu, akakiona chetezo. Akabandika karatasi nyekundu kwenye boila: isiwashwe. Mimi simlaumu. Kipimo kimelia, angefanyaje? Lakini kampuni walichotoa kwenye habari zake ni kwamba boila inavujisha hewa ya sumu, na kwamba mwenye nyumba aliwasha moto ndani ya kabati la boila. Kwa hivyo boila imeharibiwa na mwenyewe, na mkataba hauhusiki na boila iliyoharibiwa na mwenyewe. Atafute boila mpya, na mkataba wanaufunga.

Nilikuwepo alipowapigia. Aliweka simu katikati ya meza, muziki wao ukapiga mpaka chai ikapoa, kisha akaja mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Hapa nimeandikiwa uliwasha moto ndani ya kabati."

"Si moto. Ni udi."

"Udi ni nini?"

"Manukato. Ya kumpokea mgeni."

"Mgeni gani, bibi?"

"Fundi wenu."

Yule mwanamke akasema tusubiri kidogo. Nikasikia watu wengine nyuma yake wakizungumza na simu zao. Aliporudi akasema anaelewa, lakini masharti ni masharti.

"Boila hii mnaijua kuliko mie," Bi Mwanamize akasema. Kiingereza chake ni kile cha magazeti, kinakwenda polepole na hakirudi nyuma. "Kila mwaka mmekuja kuitazama. Mmekunywa chai yangu. Ilipokuwa nzima ilikuwa yetu sote, leo imeugua imekuwa yangu peke yangu? Mleteni mtu mwengine aitazame. Mkubwa. Akinambia nimeiua mie, nitakubali."

Wakavutana. Muziki ukapiga tena. Mwishowe wakakubali kumtuma mkaguzi, wiki ya pili yake.

Sasa lazima nimtaje Safiya. Safiya ni binti yake wa pekee, anakaa Ladywood kwenye jengo jipya, anafanya kazi benki, na tangu babake afe anataka mamake ahamie kwake. Si mbaya, Safiya. Ana huruma inayokimbia mbele ya miguu yake. Alikuja Jumapili akamkuta mamake na lile koti, chupa ya maji moto tumboni, sebule nzima inategemea hita moja ya umeme. Akakaa chini palepale penye zulia. Yeye husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, ila akiwa na uchungu Kiswahili humtoka.

"Mama, mimi silali. Nikisikia baridi nakuona wewe. Kwangu kuna chumba, kuna lifti, kuna joto."

"Na king'ora darini," mamake akasema. "Nimekiona. Kinanitazama kila nikija kwako."

"Mama, ni udi tu."

Bi Mwanamize akaivuta juu ile chupa ya maji moto. Mimi nikatazama chini.

Walikubaliana hivi mbele yangu, nami nikawa shahidi nisiyeombwa. Mkaguzi akisema boila ina haki ya kutengenezwa, Safiya hatalitaja tena suala la kuhama. Mkaguzi akisema la, mama anafunga nyumba kabla ya mwezi kwisha. Boila mpya ya pesa za Safiya mamake hakuitaka kusikia. Alisema babake Safiya aliacha nyumba hii na mkataba wake, na kama mkataba umekufa kwa mkono wa mkewe, basi mkewe hana uso wa kubaki.

Niliporudi Newtown jioni hiyo nilisahau kushuka kituo changu.

Siku ya mkaguzi nilifika mapema. Safiya alikuwa amechukua ruhusa kazini, amekunja mikono ya shati, yuko juu anasugua kabati kwa sabuni ya ndimu, madirisha yote wazi, nyumba baridi kuliko barabara. Akanena kutoka juu ya ngazi:

"Mama, tumeelewana? No udi today. Hata kidogo. Akinusa tu, tumekwisha."

"Nimesikia," mamake akasema.

Nami nikasikia kwamba amesema amesikia, hakusema amekubali. Nilimfahamu vya kutosha. Akaingia sebuleni, akafunga madirisha mawili kwa ajili ya baridi, akafungua droo, akatoa vile vidonge vya makaa vya dukani.

"Bi Mwanamize," nikamwambia kwa sauti ndogo, "mtoto amekataza."

"Mtoto amekataza, na mgeni yuko njiani."

"Mgeni huyu ndiye hakimu."

"Hakimu hanusi?" Akapuliza kidonge kikashika. "Dahir, miaka hamsini hajaingia mtu mlango ule nikampokea mikono mitupu. Ikiwa leo ndiyo mara ya mwisho napokea mgeni kwenye nyumba hii, nitampokea kama nilivyompokea wa kwanza. Kabatini sijaweka. Hapa ni sebuleni pangu."

Nikamshikia kopo la udi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, mtu mzima, wazee wake watu wa Jamaika na maneno yake ya Birmingham tupu. "Beverly," akasema, akampa mkono Bi Mwanamize na kumwita "bab," kama watu wa hapa wanavyoitana kwa mapenzi. Bi Mwanamize akamwongoza sebuleni. Chetezo kilikuwa mezani, moshi unapanda taratibu. Beverly alipiga hatua mbili ndani, na kipimo kifuani pake kikaanza kulia.

Safiya akashuka ngazi mbiombio. Aliona chetezo, akamwona mamake, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka bila sauti. Mimi nilijua nimeshuhudia nyumba ikiondoka.

Beverly hakutukimbiza nje. Alimwambia Safiya afungue madirisha, mwenyewe akarudi mpaka barabarani. Kipimo kikanyamaza. Akaingia tena. Kikalia. Akakivua kifuani, akakisogeza karibu na chetezo kama mtu anayemwonjesha mtoto uji. Kikalia zaidi.

"Gesi mmeifungua?" akauliza.

"Tangu alipoifunga kijana wenu hatujaigusa," Bi Mwanamize akasema. "Kuna karatasi yenu nyekundu. Tunaiheshimu."

"Kwa hivyo boila imezimwa, gesi imefungwa, na mimi sijafika hata ngazi." Akakitazama kile chetezo cha shaba. "Siku ile Rupesh alipokuja, hiki kilikuwa kabatini?"

"Kabatini. Nilikuwa nampokea."

"Na mlango umefungwa."

"Harufu ingekimbia."

Beverly akakaa kwenye mkono wa kochi. Alicheka, lakini kidogo, akajizuia. "Boila haikuvujisha kitu, bab. Kilicholia ni makaa yako."

Akakitoa chetezo mwenyewe mpaka kizingiti cha mlango wa nyuma. Aliporudi hakuwa anacheka tena. Alimweleza Bi Mwanamize, taratibu, kwamba makaa yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu, na mtu anaweza kulala nayo asiamke. Bi Mwanamize alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwona anashika ukingo wa meza. Nadhani ndipo alipoelewa kwa nini yule kijana alimvuta mkono mpaka kwenye majani.

"Siku zote naacha wazi," akasema. "Siku hiyo tu ndiyo nilifunga."

"Usifunge tena. Na kabatini usiweke kabisa, hata wazi."

Hewa ilipokuwa safi wakapanda juu. Sisi tulibaki chini, mimi na Safiya, tukisikiliza vyuma. Gesi ikafunguliwa. Kipimo kimya. Beverly alituita tuone. Akaeleza kwamba boila ya aina ile inavuta pumzi yake nje ya nyumba kwa bomba lake lenyewe, moshi wa kabatini hauwezi kuingia tumboni mwake. Kilichoizimisha ni pampu, imechoka, na pampu imo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Akabandua ile karatasi nyekundu, akaikunja, akaitia mfukoni. Safiya akatoka kabatini akaenda kusimama chumbani kwa mamake peke yake, na alipotoka amenawa uso.

"Haya, Mama," akasema. "Umeshinda."

"Sikuwa nashindana na wewe, mwanangu."

Beverly alipokuwa anaondoka Bi Mwanamize alimfuata mpaka nje ya mlango, hewa tupu pande zote, akamzungushia chetezo mbele ya koti lake la kazi. Beverly alisimama tuli, mikono imetanda kidogo, kama mtu anayepimwa nguo. Akauliza ni nini hasa, akaambiwa sukari, waridi, na mti. Akasema nyumba atakayokwenda sasa watashangaa.

Pampu aliileta Rupesh kesho yake. Bi Mwanamize aliniambia kijana alisimama langoni kwanza, akachungulia.

"Bibi, leo umenipokea na nini?"

"Na sambusa. Ingia."

Alhamisi iliyofuata nilikwenda. Nilipofungua lango niliusikia udi kabla sijafika mlangoni, nikazunguka nyuma. Bi Mwanamize alikuwa kizingitini kwa nje, amevaa koti la kiwandani, tenga liko juu ya sakafu ya saruji, kanzu ya Makungu imetandazwa juu yake na moshi unapenya kwenye kola. Ameiwekea jiwe kila pembe ili upepo usiichukue. Kupitia dirisha la jikoni nilisikia rediata zikigonga, zile za zamani zinavyogonga maji moto yakizipanda.

"Wewe, ingia ndani," akasema. "Kuna moto nyumba nzima. Mie nakuja sasa hivi."

Nikavuta kiti cha plastiki kilichokuwa kwenye majani, nikakifuta barafu kwa mkono, nikakaa upande ule moshi unakokwenda.

"Mzee, utaugua."

"Nanyoosha miguu," nikamwambia.

Akageuza kanzu upande wa pili, na kabla hajakaa akalisogeza lile tenga kidogo, kuelekea kwangu.